Ruqaiya na Mwongozo Uliokataa Kuhama

Katika ofisi za kampuni ya Malisho mjini Nakuru, ghorofani upande wa kuelekea sokoni, palikuwa na kompyuta moja kuukuu ambayo haikuruhusiwa kuzimwa. Ilibandikwa karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nene: USIGUSE SWICHI. Ndani yake ndimo mlimokuwa na programu ya kuandikia mwongozo wa makarani wa maziwa, na programu yenyewe ilifungwa kwa mashine ile ile, haingeweza kuwekwa kwingine. Walioitengeneza walikuwa wameiacha zamani, ukiwaandikia, hujibiwi. Stima zikipotea, wa kwanza kukimbilia pembe ile alikuwa Ruqaiya Bashir, mwandishi wa mwongozo huo, kuhakikisha betri imeshika.

Asubuhi moja ya Januari stima zilipotea na betri haikushika. Zilipokuja, mashine ilitoa mlio mrefu, ikanyamaza, ikalia tena, ndipo skrini ikawaka. Ruqaiya alikuwa amesimama mbele yake muda wote huo, mikono kifuani. Ilipowaka hakushukuru wala hakukaa. Alikwenda moja kwa moja kwa mkurugenzi, Ndung'u.

"Boss, hii mashine imetuaga. Ikizima mara ingine haitaamka. Nipe ruhusa niuhamishe mwongozo wote kwa ile programu mpya. Tulinunua na imekaa tu."

Ndung'u alikuwa mtu wa kufikiri akitembea. Aliinuka, akaenda dirishani, akarudi. Kampuni ile aliianzisha yeye, kwa kuzunguka kwenye vyama vya ushirika vya maziwa akiwaonyesha makarani jinsi ya kuingiza kilo kwenye kompyuta badala ya kuandika kwa mkono. Sasa vyama kutoka Bahati hadi Kuresoi vilitumia programu zake kupokea maziwa, kupima, kukataa mabaya na kufuatilia matangi ya kupozea.

"Na mimi nilikuwa nataka tuongee hiyo story," alisema. "Naona tuuwache ufe, Ruqaiya. Watu hawasomi siku hizi. Tutengeneze video fupi fupi, karani abonyeze aangalie, mambo kwisha."

"Huko juu Keringet kuna vituo hata meseji inaingia kwa kubahatisha. Video itafungukia wapi?"

"Kurasa ni ngapi kwani?"

"Elfu nne hivi."

"Elfu nne! Na uko peke yako."

"Niko peke yangu, ndiyo," alisema Ruqaiya.

Ndung'u alimtazama, akaona hapa hakuna mzaha. Mfumo mpya wa tableti ulikuwa utoke mwanzo wa Aprili, makarani waachane na zile kompyuta kubwa za mezani. Mwongozo wa zamani haungefunguka kwenye tableti hata kidogo. Basi wakapatana hivi: Ruqaiya ajaribu. Aprili ikifika na mwongozo haujaiva, watakwenda na video.

Ruqaiya alizaliwa papa hapa Nakuru. Babu yake alitoka Malindi akiwa mpishi wa reli, akashuka Nakuru, akapapenda, reli ikaendelea bila yeye. Baba yake, mzee Bashir, alikuwa fundi wa cherehani. Wateja wake wengi walinunua cherehani zilizokuja na vijitabu vya Kiingereza, wakashindwa kuvisha uzi, wakadhani mashine ni mbovu. Mzee Bashir alimkalisha binti yake kwenye stuli, akamwambia asome kile kijitabu na kuwaeleza kwa Kiswahili. Ruqaiya alisoma na kueleza, na mama aliyekuja amenuna aliondoka anacheka. Tangu udogoni alijua raha ya kumwona mtu akielewa. Aliposoma mambo ya kompyuta chuoni, wenzake walitaka kutengeneza programu. Yeye alitaka kuzieleza.

Alipoajiriwa Malisho alimkuta Joan Mugure, ambaye ndiye aliyeanza ule mwongozo. Joan alikuwa mkali kama mwalimu wa hesabu. Alimfundisha Ruqaiya kwamba karani anayefungua mwongozo ana mkulima mbele yake, foleni nyuma ya mkulima, na maziwa yanayoanza kuchacha. "Kwa hivyo usimwandikie hadithi," Joan alisema. "Mwambie abonyeze wapi." Miaka ilivyokwenda wakaujenga pamoja, ukurasa juu ya ukurasa. Kisha kampuni ikaleta meneja mpya kutoka Nairobi, Joan akaambiwa amfundishe kazi, na alipokwisha kumfundisha akaambiwa huyo sasa ndiye mkubwa wako. Joan alimaliza mwezi, akafungasha kikombe chake na sweta, akaenda zake Bahati kufuga. Meneja naye hakukaa. Akabaki Ruqaiya.

Mwezi wa pili ndipo alipojaribu kuhamisha kwa mara ya kwanza. Aliuchukua mwongozo wote kutoka kwa ile mashine, akauingiza kwenye programu mpya, akabonyeza, akangoja. Kazi ilikwenda vizuri kupita alivyotarajia, na hilo lenyewe likamtia wasiwasi. Akafungua ukurasa wa kwanza.

Mahali pa neno ng'ombe palikuwa na ng, halafu kijialmasi cheusi chenye alama ya kuuliza ndani yake, halafu ombe.

Akafungua ukurasa mwingine. Kijialmasi. Mwingine tena. Vijialmasi vilijaa kama kunguni. Mwongozo wa maziwa hauwezi kwenda aya mbili bila kumtaja ng'ombe, na ng'ombe wengi walikuwa wamekatwa katikati. Akaandika ng'ombe kwenye kisanduku cha kutafutia, na programu ikamletea kurasa chache tu. Kurasa elfu nne za maziwa, na ng'ombe wamebaki wa kuhesabu.

Alijua kilichotokea. Programu ya zamani ilihifadhi herufi kwa njia yake ya kizamani. Ile mpya ilisoma kwa njia nyingine, na pale walipoandika king'ong'o, yaani ng', kwa alama ya juu iliyopinda, haikuitambua. Palipokuwa na alama iliyonyooka paliokoka. Na kwa miaka yote hiyo, Joan alipenda iliyopinda na Ruqaiya aliandika iliyonyooka.

Wakati huo Ndung'u akapita, akachungulia skrini. Ukurasa uliofunguliwa ulikuwa ule wa utangulizi, wenye maneno ya mkurugenzi na jina lake chini.

"Hiyo ni nini kwa jina yangu?" aliuliza.

"Ndiyo shida ninayopigana nayo."

"Yaani mimi ni Ndung nini... Ndung almasi u?" Akainama karibu zaidi. "Ruqaiya, hii kitu haiwezi kutoka hivi."

"Haitatoka hivi."

Akaenda zake akitikisa kichwa, lakini mchana akatuma mtu amletee Ruqaiya skrini ya pili, aweze kuona la zamani na jipya kwa pamoja. Video hazikutajwa wiki hiyo.

Ruqaiya akarudi nyuma kabisa. Alizifutilia mbali zile kurasa zilizohamishwa, akarudi kwenye mafaili ya asili, akaandika amri ya kuzibadilisha herufi zote kwanza kabla ya kuzihamisha, akaijaribu kwa folda moja, ikaharibu majedwali. Akairekebisha. Ikaharibu picha. Akairekebisha tena. Mama yake, Bi Kuluthum, aliyekaa naye mtaa wa Section 58, alimzoea bintiye akirudi jioni na kuzungumza habari za ng'ombe wakati wa chakula, akawa anauliza kama anavyouliza habari za jamaa: "Na ng'ombe wako leo wamepona?" Siku Ruqaiya alipomjibu, "Wamepona wote, Mama," mama huyo alisema alhamdulillahi kwa moyo wake wote.

Ramadhani ilipoanza, mwongozo ulikuwa unasomeka. Ruqaiya akaona sasa ni wakati wa kuujaribu kwa mtu wa kituoni. Akamtumia Fancy nakala ya majaribio. Fancy alikuwa karani wa kituo cha kukusanyia maziwa huko Keringet, msichana wa maneno machache ambaye kwa miaka mitatu alikuwa akipiga simu kila anapoona kosa kwenye mwongozo, na kila mara lilikuwa kosa kweli.

Haikupita siku mbili, simu ikalia.

"Madam, salama? Niko kwa ile page ya maziwa ya ng'ombe amedungwa dawa."

"Ndiyo, Fancy. Kuna shida?"

"Inasema nibonyeze Kataa. Halafu hapo chini inasema nibonyeze Kubali niendelee. Sasa nifanye gani?"

Ruqaiya akachukua kalamu. "Nisomee vile imeandikwa."

Fancy akasoma polepole. Maziwa ya ng'ombe aliyetibiwa kwa dawa yasipokelewe mpaka siku zilizotajwa na daktari ziishe, bonyeza Kataa. Na chini yake, kwa herufi zile zile, rangi ile ile: bonyeza Kubali ili uendelee na hatua inayofuata.

"Fancy, hiyo nakala usiitumie tena. Tumia ya zamani tu. Na ukiwa na mkulima mwenye ng'ombe amedungwa, kataa. Umesikia?"

"Hiyo najua, madam. Lakini kuna wenye wameanza job juzi."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyomkaa Ruqaiya. Karani mgeni angefungua ukurasa huo siku mkubwa wake hayupo. Angebonyeza Kubali. Ndoo moja yenye dawa ikiingia tangini inaharibu tangi zima, maziwa ya kijiji kizima yanamwagwa. Na yasipogunduliwa yanafika kwenye chupa ya mtoto.

Akachimba mpaka akapata chanzo. Joan hakuwa ameandika miongozo mingi. Aliandika mmoja, akaweka vipande vya maneno chini ya masharti: kipande hiki kionekane kwa vyama vyenye maabara, hiki kwa visivyo na intaneti, hiki kwa wanaojifunza. Wakati wa kuchapisha, programu ya zamani ilijua kipi kiwashwe na kipi kizimwe. Programu mpya ilileta vipande vyote na majina ya masharti yake. Haikuleta habari ya kuwasha na kuzima. Kila kitu kilikuwa kimewashwa kwa pamoja.

Majina ya masharti hayakumsaidia. Joan aliyaita kwa majina ya miji ya ile barabara ya kupanda juu kutoka Nakuru: Njoro, Elburgon, Molo, Turi, Mau Summit, na mengine. Kipande cha Kubali kilikuwa chini ya Elburgon. Elburgon ni nini? Hapakuwa na mtu ofisini aliyejua. Kuchapisha kulikuwa kazi ya Joan, na baada yake mashine ilikuwa ikifanya yenyewe kwa mpangilio ambao Joan aliuacha. Ruqaiya alikimbilia ile kompyuta ya pembeni auchungulie mpangilio huo. Akaiwasha skrini. Nyeusi. Ndani mlikuwa na sauti ya kitu kinachokwaruzana, tik, tik, tik, kisha kimya. Mafaili yenyewe alikuwa na nakala zake. Mpangilio ulikuwa ndani ya programu, na programu ilikuwa imekwenda na mashine.

Kisha akachukua mkoba wake akaenda Bahati.

Joan alikuwa bandani, amevaa gambuti, anawatilia ng'ombe wake majani ya nepia. Nywele zilikuwa zimeingia mvi, lakini jicho lilikuwa lile lile. Wawili hao walikuwa wakitumiana salamu kila Idi na kila Krismasi, hawakuwa wameonana tangu Joan aondoke.

"Ruqaiya! Umepotea wapi wewe? Karibu, karibu. Ngoja niweke chai... aa, mko kwa mfungo. Basi kaa hapo kwa kivuli."

Ruqaiya alikaa, akauliza watoto, akauliza ng'ombe, kisha akaeleza kilichomleta. Alivyoeleza ndivyo uso wa Joan ulivyozidi kufunga.

"Hiyo kazi niliiacha kwa gate," alisema Joan. "Walinifanyisha nimfundishe mtu anikalie kichwani. Nilipotoka hata jina langu walitoa kwa page ya waandishi. Ulijua hiyo?"

"Nilijua. Nililirudisha, meneja akalitoa tena. Alipoondoka nikalirudisha. Liko."

Joan akaendelea kukatakata nyasi. "Jina litanikamulia ng'ombe?"

"Halitakamua, Madam Joan. Sikuja na jina. Nimekuja na swali."

"Enda uwaambie waniite mimi, wakuje na suti zao."

Ruqaiya hakubishana. Alitoa tableti kwenye mkoba, akafungua ule ukurasa wa dawa, akamnyooshea. Joan akapangusa mikono kwa leso, akaipokea, akaisogeza mbali na macho apate kuona. Akasoma. Akasoma tena. Uso ukabadilika.

"Nani ameandika huu upuzi?"

"Wewe, madam."

"Mimi?"

"Ni wewe uliandika yote mawili."

Joan alimtazama Ruqaiya, akautazama ukurasa, kisha kicheko kikamtoka, akacheka mpaka ng'ombe mmoja akainua kichwa. Lakini kicheko kilipokwisha alikuwa amekwisha kuvua gambuti na kukaa kwenye benchi.

"Hii society yetu ya maziwa hapa inatumia programu yenu," alisema. "Hawa wangu wakidungwa, mimi mwenyewe nikipeleka maziwa, yule kijana pale anabonyeza hii kitu. Aki hapana. Lete hapa. Elburgon ni ya mafunzo. Nilikuwa nimeiweka ili wakifanya mazoezi, wasikwame hapo kwa Kataa. Ni kosa langu kuipatia jina kama hilo, lakini wakati huo nilikuwa nafikiria nitakuwa pale milele."

Walikaa mpaka jua likasogea. Njoro ilikuwa ya vituo visivyo na intaneti. Molo ilikuwa ya matangi yasiyo na kipimajoto. Joan alikumbuka mengi, na mengine hayakumjia kabisa. Turi alifikiri ni ya vyama vyenye maabara, kisha akasema la, ya maabara ilikuwa Mau Summit. "Usinishike kwa Turi," alisema. "Nisikudanganye. Na kuna mbili zingine hata siwezi kuota niliweka za nini."

Alipomsindikiza hadi barabarani akamfungia maziwa ya kufuturia. "Ukimaliza kila sehemu, nitumie niisome," alisema. "Si ya kampuni. Ni yangu na wewe."

Aprili ilikuwa inakuja. Ruqaiya alimweleza Ndung'u kila kitu, na Ndung'u, ambaye alikuwa amewaahidi wenyeviti wa vyama tarehe, alishika kichwa.

"Elburgon umezima?"

"Nimezima."

"Basi hiyo hatari imeisha. Tutoe. Hizo zingine tutarekebisha polepole tukiwa tumeshatoka."

"Siwezi."

"Huwezi ama hutaki?"

"Sitaki," alisema Ruqaiya. "Kuna masharti matatu sijui yanaficha nini. Nikitoa leo, kuna karani mahali atasoma mambo mawili yanayopingana, na safari hii anaweza kuwa mtu asiyenipigia simu. Afadhali asome ukurasa mmoja wa kweli kuliko elfu nne za kubahatisha."

"Na mimi nitawaambia nini wenyeviti?"

"Waambie tunatoa kwa awamu. Sehemu ya kupokea na kukataa maziwa itatoka tarehe uliyoahidi, kila ukurasa nimeusoma kwa macho yangu. Zingine zitafuata zikiwa tayari. Na ukiona ni lazima utoe zote pamoja, basi andika jina la mwingine kwenye ukurasa wa waandishi, langu ulitoe."

Ndung'u akaenda dirishani, akarudi. Akaenda tena. Alikuwa amewahi kuwa karani mwenyewe, kwenye chama kidogo kule kwao, kabla ya haya yote, na pengine ndilo lililomjia.

"Chukua pickup," alisema mwishowe. "Enda huko Keringet ukaone hizo zingine ni za nini. Lakini ile tarehe, Ruqaiya, ile tarehe ni yangu na wewe."

Akaondoka alfajiri baada ya kula daku. Akapanda barabara ile ile Joan aliyoichukulia majina: Njoro ikapita, Elburgon ikapita na mbao zake, Molo ikamkuta kwenye ukungu. Keringet baridi ilikuwa inauma masikio. Fancy alimpokea na kikombe cha chai mkononi, akakumbuka, akakirudisha ndani kwa aibu. "Pole, madam. Nimesahau."

"Hujakosa kitu. Nionyeshe kazi."

Ruqaiya akasimama pembeni akatazama asubuhi nzima. Wakulima walikuja na mitungi kwa punda na kwa pikipiki. Fancy akapima uzito, akapima ubora, akabonyeza, akaita mwingine. Kila palipotokea jambo lisilo la kawaida, Ruqaiya alifungua ukurasa unaohusu jambo hilo na kulinganisha vipande na kilichokuwa kikifanyika mbele yake. Ni hapo alipoiona Turi. Mzee mmoja alileta maziwa ya wanachama wenzake watano pamoja na yake, kila mtungi na namba yake, naye Fancy akafungua kwenye skrini dirisha jingine kabisa la kupokelea.

"Hiyo ni nini?" Ruqaiya aliuliza haraka.

"Hii ni ya wenye wanaleta kwa kikundi. Kwa sababu huku juu ni mbali."

Ruqaiya akapekua. Vipande vyote vya Turi vilihusu dirisha lile. Haikuwa na uhusiano wowote na maabara. Kwenye vyama vya chini, ambako kila mtu huleta maziwa yake, dirisha hilo halikuwepo kabisa; ndiyo maana hakuna aliyebaki ofisini aliyewahi kuliona. Akaandika, akachekelea peke yake kama mtu aliyeokota kitu.

Sharti moja kati ya yale mawili yaliyobaki lilipatikana mchana, kwenye tangi; lilikuwa la jenereta. La mwisho halikupatikana. Walitafuta Keringet, akapiga simu kwa vyama vingine, akamwuliza Joan tena, hakuna aliyejua. Vipande vyake vilitaja mashine ya kupimia ambayo hapakuwa na mtu aliyewahi kuiona. Ruqaiya aliamua: akavitoa vyote vilivyo chini ya sharti hilo, akaviweka kando katika folda yake, akaandika kwenye kila ukurasa ulioguswa kwamba umepunguzwa na kwamba mwenye swali apige simu ofisini. Haikumfurahisha. Lakini alijua alichokitoa na kwa nini.

Siku za mwisho za mfungo alizifanyia kazi huku mvua ndefu ikianza kupiga mabati ya Section 58. Sehemu ya kupokea na kukataa aliisoma mwanzo mpaka mwisho. Kila alichomaliza alimtumia Joan, na Joan akarudisha na maneno makali ya zile siku za zamani: huyu karani umemwacha amesimama, hapa umeandika hadithi, hii sentensi ina mguu mmoja. Ruqaiya alirekebisha kila moja, isipokuwa alama zilizopinda. Hizo alizikataa kabisa. Joan akakasirika kwa nusu siku, kisha akaendelea kusoma.

Sehemu ile ilitoka tarehe iliyoahidiwa, Idi ikiwa imepita juzi yake tu. Ndung'u aliwatangazia wenyeviti kwamba mwongozo unatoka kwa awamu, akalisema kama vile ndivyo alivyopanga tangu Januari. Wawili watatu walinung'unika. Jina lake lilikuwa salama chini ya utangulizi, herufi zote mahali pake. Alilitazama kwenye tableti ya kwanza kwa muda, kisha akamrudishia Ruqaiya, akampiga begani kidogo kama anavyowafanyia mafundi.

Sehemu nyingine zilichukua mwaka uliobaki. Mbili Ruqaiya alizifuta kabisa baada ya kugundua kwamba zilieleza vitu ambavyo programu haikuvifanya tena. Alipewa msaidizi mwezi wa tisa, mwandishi aliyetoka kwenye gazeti moja, na siku ya kwanza akamwambia sharti la kazi ni moja: hakuna sharti litakalopewa jina la mji. Liitwe jina la kazi yake.

Joan hakurudi ofisini. Aliombwa, akakataa, akasema ana ng'ombe wa kukamua. Lakini kila sehemu mpya ilipita Bahati kabla ya kutoka.

Lakini kabla ya hayo yote, wiki mbili tu baada ya ile sehemu ya kwanza kutoka, Fancy alikuwa amepiga simu tena. Mvua ilikuwa ikisikika nyuma ya sauti yake.

"Madam, ile page ya kupima uzito. Picha inaonyesha button iko kushoto. Kwa tableti iko kulia."

Ruqaiya akaufungua ukurasa. Kweli. Zamani angemwambia asubiri mpaka toleo jipya, lipelekwe kwa mkono kituo hadi kituo, miezi ipite. Akabadilisha picha huku Fancy akiwa bado kwenye simu, akauchapisha.

"Funga, halafu ufungue tena," alisema. "Mtandao ukishika utaipata."

Wakangoja wote wawili. Huko juu mtandao ulichukua muda wake.

"Imekuja," alisema Fancy. "Iko kulia." Kisha akakata, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu.